Kanda Aliyoifuta Clarrie

Kila Jumanne, wazee wa mji wa Kurrawilla waliokuwa na hamu ya vipindi vya zamani vya televisheni walikutana kwenye jengo la kituo cha matangazo kilichofungwa, wakanywa chai, wakala keki za nazi na kubishana. Nani alisoma habari wakati wa mafuriko? Yule bundi wa kitambaa wa kipindi cha watoto alikuwa na jicho moja au mawili? Ubishi wa namna hiyo haumdhuru mtu. Glenys, mwenye miaka hamsini na moja, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo wakamwachia kazi ya kupanga makasha ya kanda.

Hakufuata keki. Alikuwa akitafuta kanda moja tu.

Enzi zile, mtoto akitimiza miaka, mzazi alimwandikia barua Anko Merv, mtangazaji wa kipindi cha alasiri, akimweleza zawadi ilipofichwa. Anko Merv alisoma jina hewani, kisha akamwambia mtoto akatazame chini ya kitanda au ndani ya jiko. Watoto waliamini kabisa kwamba televisheni inawaona. Februari 1967, Trevor, mdogo wake Glenys, alitimiza miaka sita. Alisikia jina lake, akatoka mbio. Walimkuta jioni ndani ya friji kuukuu kwenye veranda ya nyuma, zile za komeo la chuma, ambazo mlango ukijifunga haufunguki kwa ndani.

Mama yao, Edna, aliapa kwamba aliandika zawadi iko nyuma ya tangi la maji. Baba hakumwamini. Mji haukumwamini. Glenys alikuwa jikoni, hakusikia kitu, na hilo lilimtafuna maisha yake yote. Sasa Edna alikuwa na miaka themanini na minane, kitandani kwenye nyumba ya wazee, na alichotaka kabla ya kufa ni kujua Anko Merv alisema nini.

"Unajisumbua, binti," Clarrie Munt alizoea kumwambia. Alikuwa fundi wa kituo tangu siku ya kwanza. "Kanda zilikuwa adimu. Tulimfuta Anko Merv, tukarekodi mbio za farasi juu yake. Tulifuta kila kitu isipokuwa dhambi zetu."

Jumanne hiyo, saa tisa alasiri, joto likiunguza bati, Glenys alivuta kasha lenye mwandiko wa Clarrie: Mbio, 1967. Clarrie akaipachika kanda kwenye mashine, ili tu kuona kama mashine bado nzima.

Farasi hawakutokea. Alitokea Anko Merv, bundi begani.

"Macho mawili," Clarrie alisema. "Si niliwaambia?" Kisha akautazama mwandiko wake kwenye kasha. "Lakini hii niliifuta. Kwa mkono huu."

Anko Merv aliinua barua. "Trevor, miaka sita leo. Mama yako anasema zawadi iko nyuma ya tangi la maji." Akaikunja barua taratibu. "Mimi nasema katazame ndani ya friji kuukuu, veranda ya nyuma."

Glenys alilia. Miaka arobaini na miwili mama yake amebeba lawama isiyo yake.

"Irudishe nyuma, Clarrie. Niirekodi kwenye simu, mama asikie."

Clarrie akairudisha. Anko Merv akainua tena ile barua.

"Lachie," alisema. "Miaka sita leo."

Lachie alikuwa mjukuu wa Glenys. Alizaliwa tarehe ileile ya Trevor.

"Bibi yako yuko hapa, ananitazama. Katazame ndani ya friji kuukuu, veranda ya nyuma."

Clarrie alichomoa waya ukutani. Picha haikuzimika.

Glenys alimpigia binti yake, Kerrin, aliyeishi kilomita arobaini kutoka hapo.

"Mama, wewe mjanja," Kerrin alicheka. "Umewezaje kufanya Lachie atajwe kwenye TV? Kibabu chenye bundi..."

"Yuko wapi?"

"Kakimbilia nyuma."

"Mfuate. Mfuate sasa hivi."

Nyayo. Mlango wa wavu.

"Mama," Kerrin alinong'ona. "Nani ametuletea friji hii?"

Komeo lilijifunga. Glenys alilisikia.

Hakuweza kufanya kitu. Alisimama na simu sikioni, akimsikiliza Kerrin akipiga chuma kwa ngumi, kisha kwa koleo. Akahesabu pumzi zake mwenyewe. Kisha mlango ukaachia, mtoto akakohoa, na Kerrin akalia na kucheka pamoja.

"Yuko hai, mama. Yuko hai."

Glenys alipofika, hapakuwa na friji. Kerrin alikuwa amempeleka mtoto ndani kumpa maji, na aliporudi veranda ilikuwa tupu. Kwenye mbao zilibaki alama nne za kutu.

Mtoto alikuwa mezani, amefunikwa taulo. Joto lilikuwa la kuchoma ngozi, lakini mkono wake ulikuwa barafu. Alimtazama Glenys.

"Glennie," alisema. Hakuna aliyemwita hivyo tangu 1967. "Mbona umekuwa bibi?"

Kisha akamnong'oneza sikioni. "Baiskeli yangu bado iko nyuma ya tangi?"

"Joto limemchanganya," Kerrin alisema, akimbusu utosini. Glenys angemwambia nini binti yake, na angemwambiaje?

Siku ya pili wakampeleka kwa Edna. Bibi kizee hakuuliza kitu. Alimkumbatia, akamwita Trevor, akafa Jumapili akitabasamu.

Ile kanda sasa inaonyesha mbio za farasi. Polisi walioitwa kuhusu ile friji waliitazama, wakaona farasi. Lakini ukiweka sikio kwenye spika, chini ya kelele za mtangazaji wa mbio, kuna mkono mdogo unaogonga chuma.

"Fungua, Clarrie, mtoe Lachie," Glenys humwomba kila Jumanne, watu wengine wakinywa chai.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta, binti. Kufungua sijui."

Jumanne ya kwanza walihesabu mapigo arobaini na moja. Juzi walihesabu tisa.