Aliyeitika Marahaba

Shangazi yangu Adelfina wa Mabawe si mtu wa kuogopa-ogopa. Miaka ile ya tisini aliwapikia wakimbizi kule Ngara, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko moshi wa kuni mbichi. Lakini mtajie kisiwa kile, uone anavyonyamaza.

Mwaka tisini na sita shirika liliwapa wapishi siku moja ya matembezi, kwenda kuona wanyama kwenye kisiwa cha hifadhi. Wakapita Lusahunga, wakapita Biharamulo, wanaimba tu garini, mpaka mwaloni boti zinapoegeshwa. Pembeni ya shangazi alikaa shoga yake Nimpaye, Mrundi, aliyeombewa kibali cha kutoka kambini. Huyu alipoyaona maji tu, akaacha kuimba.

Adelfina alijua sababu. Miaka mitatu nyuma, wakikimbia vita, Nimpaye aliuvuka mto Ruvubu na bintiye Kaneza, wa miaka minne. Katikati ya maji mtoto akamponyoka. Kisha kitu kikamshika kifundo cha mguu. Akadhani ni magugu, akakipiga teke. Jamani! Tangu siku ile hakupata usingizi. Alichotaka duniani ni kimoja tu, kulirudisha lile teke.

Mwendesha boti, mzee Anastazi, alipunguza mwendo kabla ya kufika kisiwani.

"Kule hatuamkiani," alisema. "Mkisikia mtu anawapa shikamoo, nyamazeni. Shikamoo ni kuomba mguu. Ukisema marahaba, umeshautoa."

"Haya, shikamoo mzee!" Adelfina akamtania.

Mzee hakucheka. Wala hakuitika.

Kisiwa kilikuwa kizuri, nisiwadanganye. Mamba walijianika kwenye mawe, na nzohe, wale swala wapendao maji, walisimama kimya wakiwatazama wageni. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi. Askari wa hifadhi akatangulia, wengine wakamfuata. Ndala ya Nimpaye ikachomoka kamba karibu na matete, naye akainama kuitengeneza. Adelfina akamngoja.

Ndege wakanyamaza. Wote.

"Shikamoo, mama."

Sauti ya mtoto. Ilitoka ndani ya matete. Chini, usawa wa magoti.

Adelfina akamshika mwenzake mkono. "Twende."

"Shikamoo, mama."

"Nimpaye," alinong'ona, "Kaneza wako alijua Kiswahili?"

"Hata neno moja."

"Basi huyo siye!"

"Najua, dada." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Lakini kama ndiye? Nimnyime mara ya pili?"

Akavua ndala. Akauingiza mguu kwenye matete.

"Marahaba, mwanangu."

Matete yakatikisika. Mara moja tu.

Wakati wa kurudi watu walikuwa walewale, lakini boti ilizama zaidi, maji yakakaribia ukingo. Mzee Anastazi aliyatazama yale maji kwa muda mrefu.

"Nani kaitika?" aliuliza.

Nimpaye alikuwa amelala fofofo begani kwa Adelfina, kwa mara ya kwanza tangu avuke Ruvubu. Shangazi akainua pindo la kitenge cha mwenzake. Kwenye kifundo kulikuwa na alama ya bluu. Vidole vinne na gumba, vidogo, vya mtoto. Haki ya Mungu, shangazi aliliachia lile pindo upesi.

Wenzake wa kambini walirudi kwao, Nimpaye hakurudi. Aliolewa Biharamulo, na shangazi humtembelea kila Krismasi. Alama haijafutika. Kila mwaka imeongezeka kidogo.

"Mtoto anakua," Nimpaye husema, na huipakaza mafuta.

Kaneza angekuwa mwanamke mzima sasa, kwa hiyo shangazi alijikaza akaamini. Krismasi iliyopita akaomba aione tena. Akafuata kidole kimoja cha ile alama kwa macho, kutoka mwanzo. Kilizunguka kifundo chote, kikarudi pale kilipoanzia, kikazunguka mara ya pili.