Kanda Katika Mashine ya Nne

Haya aliniambia Roselyne, rafiki yangu wa Misikhu, na yeye si mtu wa kutunga. Mwaka wa 2004 alikuwa kazini Kitale, kwa chama cha wakulima wa maziwa, katika chumba kisicho na dirisha ambamo kompyuta kubwa iliweka rekodi zao kwenye kanda za sumaku. Kanda yenye rekodi za wakulima wa upande wa Endebess ilikuwa imepotea. "Ukiikosa leo, mama, urudi kwenu," mkubwa wake Gikonyo alimwambia.

Mchana huo Roselyne akaiuliza kompyuta hali ya mashine za kusoma kanda. Tatu za kwanza zilikuwa tupu. Ya nne, ikamjibu, ina kanda ya Endebess.

"Ati ya nne?" Derrick, fundi, akacheka. "Si nilitoa matumbo yake yote, yako Bungoma yakitengenezwa. Hiyo ni kasha tu, bana."

Hapo stima ikapotea. Chumba kikawa giza totoro, feni zikanyamaza. Lakini ndani ya kasha lile kanda ilikuwa inazunguka, shwaa, shwaa, bila haraka.

"Tutoke, dada," Derrick akanong'ona, tayari yuko mlangoni.

"Toka wewe. Mimi sifukuzwi kazi na kelele."

Akapapasa mpaka kwenye kasha, akaingiza mkono hadi kiwiko. "Wewe uliye humo, hiyo ni ya wakulima. Lete."

Mlio ukakoma. Vidole vyake vikagusa kanda, ina joto kama mkate. Akaivuta. Huko ndani nako ikavutwa, polepole, kisha ikaachiliwa.