Mtu Aliyeongezwa Kwenye Picha

Jioni moja Mboni alijibana ukutani kumpisha mtu, na ukumbini hapakuwa na mtu. Baba yake, aliyekuwa akitia uzi kwenye cherehani, alimwona akisimama vile, kikombe cha maji mkononi, kisha binti akasema kwa adabu, "Pita tu," na kuendelea na safari yake ya chumbani.

"Unampisha nani, mama?" baba akauliza.

"Si huyo anayetoka."

Fundi akacheka. Laiti angejua, asingecheka.

Mboni alikuwa na miaka tisa na hakuona tangu kuzaliwa. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwamba ndiye mboni ya jicho lake. Majirani walisema ni kejeli, lakini yeye hakuwajali, maana kwa kweli ndiye aliyekuwa macho ya mtoto. Alimweleza rangi ya vitambaa, sura ya mawingu, nani amenuna na nani anajichekesha. Mtoto aliamini kila neno. Hakuwa na njia nyingine ya kuuona ulimwengu ila kwa mdomo wa baba yake, na fundi alilijua hilo, ndiyo maana mimi sitamtetea.

Kitabu kilicholeta haya yote walikinunua wote watatu, baba, mama na mtoto. Ilikuwa riwaya ile kongwe ya wasafiri wanaovuka jangwa kuutafuta mji uliofukiwa na mchanga, na muuza vitabu aliweka mezani matoleo mawili: moja la maneno matupu, bei poa, na jingine lenye picha za kuchorwa.

"Mtoto haoni, wewe unataka cha picha," mkewe alisema bila kupunguza sauti. "Kipofu na picha wapi na wapi?"

"Nitamsomea picha pia."

"Haya. Ukimaliza hapo kamnunulie kiziwi redio."

Muuza vitabu alijifanya anafuta vumbi. Mboni ndiye aliyekata shauri. Alipapasa cha kwanza, akakiweka. Alipapasa cha pili, vidole vikasimama kwenye kurasa nene za picha, zilizokuwa laini kuliko nyingine. "Hiki," alisema. "Kina kurasa baridi."

Kila baada ya chakula cha jioni walikaa kwenye kochi, baba akasoma, na wakifika kwenye picha akaieleza: ngamia amepiga magoti, mpishi wa msafara ameshika sufuria kama ngao. Mboni alicheka mpaka akakohoa. Hata mama, aliyejifanya ana shughuli zake, alikuwa akisogeza kiti karibu.

Kisha wakafika kwenye picha ya chumba. Wasafiri wameingia mji uliofukiwa, na mchoraji amechora chumba kitupu, kitanda, meza, na mlango ulioachwa wazi kidogo. Basi.

"Chumba kitupu?" Mboni alisema. "Sasa hiyo nayo picha gani?"

Fundi aliumia kumwona mtoto amekatishwa tamaa. Na fundi cherehani haachi kitambaa bila nakshi. "Subiri," alisema. "Sikuwa nimetazama vizuri. Nyuma ya mlango kuna mtu. Ameshika ukingo wa mlango, vinaonekana vidole vyake vinne, virefu."

"Uso wake ukoje?"

"Uso hauonekani. Mlango umemziba."

Mboni akashusha pumzi kwa raha. Siku ya pili yake ndipo alipompisha mtu ukumbini.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuandamana. Nyumba ikashika harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi, hata madirisha yakiwa wazi. Mchanga ukaonekana chini ya sindano ya cherehani. Suti ya bwana harusi, iliyokuwa imekamilika, ilikutwa imefumuliwa mishono yote, uzi umewekwa pembeni kwa utaratibu. Na mlango wa chumba cha mtoto, hata ukifungwa kwa komeo, asubuhi ulikutwa wazi kidogo, na kwenye ukingo wake pana alama za chaki ya kukatia nguo, vidole vinne.

"Mwanangu anachezea chaki zako," mama alisema, lakini hakuamini alichosema.

Mchana wa siku hiyohiyo alipiga kelele akiwa jikoni. Fundi alimkuta ameshika mkono wake wa kushoto. Ngozi ilikuwa imevilia damu, mistari minne iliyokaza kuanzia kiwikoni.

"Kanivuta," mama alinong'ona. "Kuna mtu kanivuta, na mlango ulikuwa nyuma yangu."

Fundi aliugeuza ule mkono, akautazama juu na chini. Mtu akikushika, kidole gumba nacho huacha alama. Hapa hapakuwa na alama ya kidole gumba. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba, akieleza ile picha, kidole gumba hakukitaja.

Mboni alikuwa amesimama mlangoni, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza siri. "Baba, amechoka kungoja," alisema. "Anataka umalizie uso. Anasema usipompa, atatafuta mwenyewe humu ndani."

Waliita mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu asiyependa maneno mengi. Alinusa ukumbi, akatazama ile picha, akamsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akamkaripia kama mtoto.

"Majini wasio na makao ni wengi kuliko nzi. Hawavunji mlango, wanangoja kukaribishwa. Wewe umemkaribisha, tena umempa na vidole."

"Nifanye nini, mama?"

"Kilichoingia kwa mdomo wako kitatoka kwa mdomo wako. Mfungulie mtoto picha ileile, mwambie ukweli. Anakaa ndani ya imani ya huyu mtoto. Akikuamini, hana pa kukaa."

"Na asiponiamini?"

Mganga akamkabidhi kitabu.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, madirisha wazi. Fundi alikaa kwenye kochi, kitabu mapajani, Mboni ubavuni, na alipokifungua tu ile harufu ikawajia nzito hata mama akaziba pua, na kwenye ubao wa mlango nyuma yao vidole vikaanza kugonga, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa na subira imemwishia, naye fundi akasema kwa sauti iliyokuwa ikikatika kwamba picha ile ni chumba kitupu, kitanda na meza, nyuma ya mlango hapana mtu, hapakuwa na mtu tangu mwanzo, yeye baba ndiye aliyemtunga ili mwanawe afurahi.

Vidole vikanyamaza.

"Ulinidanganya?" Mboni aliuliza.

"Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

"Wakati ule, au sasa?"

"Wakati ule. Naapa."

Mtoto alipapasa ukurasa ule baridi. "Na mawingu?" aliuliza. "Na ngamia? Na mama akicheka, huwa anacheka kweli?"

"Hayo yote ni kweli," fundi alisema, machozi yakimtoka. "Ni hilo moja tu."

"Nimekusikia, baba."

Harufu ikaisha. Upepo safi ukapita ukumbini, mama akaanza kulia kwa faraja, na mganga akainuka kuchukua mkoba wake.

"Mama mgeni ana kovu chini ya sikio la kulia," Mboni alisema.

Mganga alishika shingo yake. Kovu lilikuwa pale.

"Mama amevaa khanga mbili zisizofanana. Baba, kifungo chako cha pili kimeruka tundu. Na una mvi. Hukuwahi kuniambia kama una mvi."

Fundi alishusha macho kwenye shati lake. "Nani amekwambia?"

"Yeye. Anasema uso hauhitaji tena, amepata kazi." Sauti ya mtoto ilikuwa tulivu, haina hasira, na hilo ndilo lililomchoma baba kuliko yote. "Kila kitu ananieleza kilivyo. Yeye hanidanganyi."

Alikichukua kitabu mapajani mwa baba yake, akajisogeza upande wa pili wa kochi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Kochi likabonyea. Mboni akafunua kurasa mpaka vidole vyake vikagusa ile inayofuata iliyo baridi.

"Hii nayo ina nini?" aliuliza, na hakuwa akimwuliza baba yake.