Alama ya Tupa ya Honoré

Sumaku ndiyo iliyoanza kukosea.

Kwa miaka sita Honoré Mushagalusa, fundi wa saa mwenye kibanda pale Nyawera, alikuwa akiitumia sumaku ileile, ndogo kama kidole gumba, na haikuwahi kumwangusha. Alhamisi ile aliiweka juu ya msalaba mweusi alioletewa na maman Virginie, nayo ikateleza mpaka mezani. Akairudisha. Ikateleza tena, kana kwamba kuna aliyeisukuma.

Ulikuwa mwaka wa 1999, vita vya pili ndani ya miaka mitatu. Barabara ya Shabunda ilikuwa haipitiki, mji umejaa wanajeshi wa kila lugha, na mtu alimwangalia jirani yake mara mbili kabla ya kumsalimia. Kwa Honoré hilo halikuwa geni. Shaka ilikuwa kazi yake. Mbali na saa, watu walimletea nishani za Wajerumani zenye umbo la msalaba, zile ambazo babu zao, askari wa Wabelgiji, walirudi nazo kutoka vita vya 1916. Rafiki yake Chrispin alizivusha mpaka, akampelekea mzungu mmoja anayekusanya vitu vya zamani. Za uongo zilikuwa tele, lakini Honoré alikuwa na kanuni zake. Kitu cha kweli huonekana kimechoka. Kikiwa safi mno, kishuku. Na msalaba wa kweli una moyo wa chuma, kwa hiyo sumaku hushika. Alichokikuta cha uongo alikikata kwa tupa, alama moja fupi mgongoni, kisije kikamdanganya mtu mwingine. Mji mzima ulijua kwamba chenye alama ya tupa ya Honoré kimekwisha.

"Iko ya uongo, maman," alisema.

Virginie hakuinuka. "Papa Honoré, angalia tena. Babu yangu aliitoa ku kifua ya mujerumani mwenye alikufa kule ku kisiwa ya Ijwi. Alituachia neno moja tu: musiseme kama ni ya uongo. Mwenyewe anasikia."

"Sumaku imekataa."

"Pengine ni sumaku iko na makosa."

Honoré akacheka. Kusema haki, kila kitu kingine kiliutetea ule msalaba: kingo zimelika, fedha ya pembeni imefifia, rangi nyeusi imebanduka kwa uzee. Lakini mtu aliyezoea kutodanganywa ana kiburi chake, na Honoré alikuwa nacho cha kutosha watu watatu. Alichukua tupa, akaukata.

Msalaba haukukwaruza. Ulivuta pumzi. Harufu ikajaa kibandani, ya koti la sufi lililolowa na tope la ziwani. Virginie alijifunika mdomo kwa kitenge na kurudi nyuma hadi mlangoni.

"Umemuita muongo," alinong'ona. "Miye siko ndani ya iyi maneno." Akaenda zake, msalaba akauacha palepale.

Honoré aliutia mfukoni mwa shati, akarudi nao nyumbani Nyalukemba. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakuutupa, na hakupata jibu.

Kesho yake asubuhi, hapo nyumbani, alikuwa ameinama juu ya saa, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, mke wake aliposimama nyuma yake.

"Honoré, angalia apa ku shingo. Kitu kimenikata."

"Ni mbu, Georgette."

"Mbu anakata vile? Angalia basi."

"Nitaangalia." Hakugeuka. Mchana akasikia buti zikitembea chumbani, polepole, hatua nne kwenda na nne kurudi, na alipofungua mlango hapakuwa na mtu, ila mbao za sakafu zilikuwa na maji.

Jumamosi, saa sita mchana, mvua ikitishia, alikuwa barazani akimsikia Georgette akiimba jikoni wimbo wake wa kanisani, anaupenda na anaukosea palepale kila siku, na akawa anatabasamu kwa lile kosa, mpaka alipoinua macho akaona geti linafunguka na Georgette anaingia kutoka sokoni, kikapu mkononi, viatu vina matope, amechoka, na huku nyuma jikoni wimbo ukiendelea bila kukatika, ukifika kwenye kosa na kulipita.

Yule wa jikoni akatoka akifuta mikono. Wakaonana. Kikapu kikaanguka, nyanya zikatawanyika uani.

"Uyu ni nani?" waliuliza wote wawili, kwa sauti moja.

Jirani alikimbia kumwita maman Françoise, kiongozi wa kundi la maombi. Waislamu wa pale Nyawera wangesema ni jini. Françoise alisema ni roho muchafu. Aliwanyunyizia wote wawili maji ya baraka, na wote wawili wakafanya ishara ya msalaba. Aliwauliza siku ya ndoa, wakajibu. Jina la mtoto aliyefariki, wakajibu, na wote wakalia. Françoise akamvuta Honoré pembeni. 

"Iyi kitu imeingia kwa kinywa yako," alimwambia chini chini. "Itatoka kwa kinywa yako. Mwenye utamuita wa uongo, ataondoka na hatarudia mu iyi nyumba hata siku moja. Bibi ni wako, papa. Angalia muzuri."

Honoré akachukua kioo chake. Hakujua njia nyingine ya kumjua mtu.

Akaanza na wa jikoni. Shingo yake ilikuwa laini, safi, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Akamwendea wa sokoni, akainua nywele. Chini yake palikuwa na alama moja fupi, iliyonyooka, ikianza kukauka, imelalia upande wa kushoto kidogo jinsi mkono wake mwenyewe ulivyolaza tupa tangu alipovunjika kidole gumba, naye akasahau mvua, akamsahau Françoise na rozari yake, akasahau kila kitu ila kwamba alama ile aliijua, hakuna mwingine duniani aliyeikata hivyo, na hakuwahi kuikata ila juu ya kitu cha uongo.

"Nilikuambia," Georgette wa sokoni alisema. "Asubuhi ya jana. Nilikuambia uangalie."

Kweli aliambiwa. Lakini na nani? Hakugeuka. Hakuona uso.

"Weye ni wa uongo," alisema.

Mwanamke hakupiga kelele. Alimtazama tu, macho yakijaa. "Honoré, ni miye. Hata iyi shati unavaa, ni miye niliishona."

Kisha akavutwa. Hapakuonekana mkono, lakini alivutwa, visigino vikichora mifereji kwenye matope hadi getini, na mvua ikamfunika. Harufu ya sufi ikakatika papo hapo. Françoise akapiga magoti kushukuru, na Honoré alimkumbatia mke wake akalia kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, maskini huyu.

Jioni, kabla giza halijaingia, Chrispin alifika amelowa chapachapa, ametoka mpakani. Alimkuta Honoré barazani.

"Muzungu ametuma neno," alisema akikamua kofia. "Anasema kuna misalaba yenye sumaku haishike, na ni ya kweli. Ya basoda ba mayi, wanajeshi wa majini, bale ba mu bateau. Walitia moyo ya shaba sababu chuma ingeshika kutu. Anasema iko rare, haipatikane ovyo. Ukiona moja, usiikate."

Honoré alikuwa amekwisha kukimbia.

Aliteremka hadi ziwani akimwita. Kwenye kizuizi wanajeshi walimwelekezea bunduki, kisha wakamhurumia. "Hatukuona mwanamuke," mmoja alisema, hataki kumtazama. "Tulisikia tu mutu analia, anapita katikati yetu."

Aliporudi, taa ilikuwa inawaka na chakula kiko mezani. Yule wa jikoni alikuwa ameketi, amempa mgongo, nywele ameziinua kwa mkono. Kwenye kioo cha dirisha mbele yake ulionekana msalaba wa Mjerumani, ameubandika kifuani.

"Angalia muzuri, fundi," alisema. "Miye ni wa kweli?"

Ile shingo haikuwa na doa wala kovu. Haikuwa hata na alama ya kuungua mafuta, ile ambayo Honoré alilala karibu nayo miaka ishirini. Kitu safi mno.

"Ukisema ni wa uongo, nitaondoka," aliendelea kwa upole. "Nitapita njia ile alipita yeye. Na miye natembea mbio kumushinda, nitamufikia."

Nje, upande wa ziwa, Honoré alimsikia mke wake akilia.

"Ni wa kweli," alisema.

Anaulizwa kila siku, wakati wa chakula, na kila siku anajibu hivyo hivyo. Na kila akijibu, kile kilio kinasogea mbali kidogo na nyumba.