Mwasho Nyuma ya Marashi

"Kisima kwa Mwiba. Mzigo uko Nateete. Saa sita utakuwa Kyambogo. Ukifika, tumekwisha."

"Mwiba nimesikia."

Ocen alizima redio, akaitia ndani ya koti, akaiwasha Peugeot. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi. Saa sita wanafunzi mia tatu wangejifungia katika ukumbi wa Kyambogo kuwaombea wenzao waliopotea, na mgeni aitwaye Delmas alikuwa amewaletea wakubwa fulani unga wa sumu wa kutia kwenye feni za ukumbi huo.

Ocen aliujua unga huo. Februari ya 1976 ulimwagwa katika chumba kilichofungwa kule Kisugu. Yeye alitoka akitambaa.

Mkewe, Anena, hakutoka.

Tangu siku hiyo hakusikia harufu ya kitu chochote. Daktari Erinayo alimweleza bila kumficha. "Neva ya harufu imekufa, ndugu yangu. Ya mwasho ni nyingine, hiyo ingali hai. Waridi hutalijua tena, ila pilipili itakutoa machozi."

Dunia hii ina kejeli! Pua ilibakiziwa maumivu matupu. Mfukoni Ocen alikuwa na kitambaa cha kichwa cha Anena, hakijafuliwa. Kila asubuhi alikinusa. Hakuna kitu. Lakini alikitunza, maana huenda pua ingepona, ikamkuta Anena bado yumo.

Katika duka la Nateete, Kasereka, mchuuzi wa Kikongo aliyetoa taarifa, alikuwa amepanga makopo kumi na mawili ya poda aliyoachiwa na Delmas.

"Chef, miye nilinusa yote, kama wamama wa soko wanavyofanya. Ni marashi tu. Pengine nilikosea."

Kumbe ndiyo hesabu ya Delmas! Soko zima hupima poda kwa kunusa. Marashi makali yalifunika mwasho mdogo uliopenya kifunikoni, na kila mwenye pua nzima alidanganyika.

Ocen alinusa kopo la kwanza. Kimya. La pili, kimya. La saba lilimchoma kama sindano katikati ya macho.

"Hili hapa."

Mlango ukapigwa teke. Akaingia Delmas, bastola ya Walther mkononi.

"Wewe nafanya nini hapa? Toka!"

Risasi ilimkosa Ocen, ikatoboa kopo hilo la saba. Unga ukafuka, Kasereka akajitupa chini akiziba pua.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Delmas alivuta pumzi, akaanguka magotini akikohoa. Ocen alikuwa amebana yake tangu alipoiona bastola. Somo la Kisugu halisahauliki. Akaipiga teke silaha, akamfunga mikono kwa mkanda.

Nyuma ya pazia, Pélagie, mke wa Kasereka, alianza kukohoa. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na unga ulizidi kumwagika.

Mkono wa Ocen ulikwenda mfukoni. Ukasita.

Halafu akakichovya kitambaa kwenye ndoo ya maji, akakisokomeza kwenye tundu la kopo kwa kidole gumba mpaka unga ukakoma.

Alimtoa Pélagie nje, Kasereka akimburuta Delmas nyuma yao, kisha akafungua redio.

"Mwiba kwa Kisima. Mzigo umekufa. Waacheni watoto waombe."

"Safi. Umeumia?"

Akaizima.

"Chef," Kasereka alisema, "kile kitambaa nitakifua, nikurudishie."

"Usikifue. Kizike pamoja na kopo."

Pélagie alimtazama usoni. "Chef, macho yako inatoka maji."

"Ni unga, mama. Utaisha."

Alivaa miwani ya jua, akatembea polepole kuelekea kwenye Peugeot. Mwasho ulikwisha kabla hajafika. Machozi hayakuisha.