Mlio wa Mwiko

Ngo.

Mara moja tu. Fundi lipu alifumbua macho gizani akasubiri mlio wa pili, maana milio ya usiku huja miwili miwili: paka akiruka juu ya bati, lazima atue. Huu haukuwa na wa pili. Ulitoka chumbani kwa mama yake, upande wa ukutani, na aliutambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake.

Ulikuwa mlio wa mwiko kwenye ukingo wa ndoo.

Kila fundi hukung'uta mwiko wake kabla hajachota tena, na kila mmoja ana mkono wake. Baba yake, enzi za uhai wake, alikung'uta mara mbili, taratibu. Yeye mwenyewe, mwanamke pekee mjini aliyerithi kazi ya chokaa, hukung'uta mara tatu, na mafundi wenzake humtania kwamba anabisha hodi kwa mkwe. Aliyekung'uta mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mjadala, alikuwa kaka yake. Na kaka yake alikuwa hajaonekana kwa miaka ishirini na miwili.

Alijiambia ni panya. Panya gani hubeba ndoo, hilo hakujiuliza.

Mchana wa siku hiyo alikuwa amebomoa saruji. Jengo la zamani la forodha, lililopakana mgongo kwa mgongo na nyumba yao, lilikuwa linafanywa maktaba ya umma. Bango kubwa lilisimama mlangoni: KURUDISHWA KAMA LILIVYOKUWA. Chini ya ngazi kulikuwa na tao lililozibwa, nalo lilizibwa kwa saruji. Sasa, ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Huvuta unyevu wa bahari asubuhi na kuutoa jioni. Ukiuziba kwa saruji unavimba, unatoa chumvi, unaoza kwa ndani. Hata mbeba zege wa mwisho pale kazini alilijua hilo.

"Takataka hiyo itoke," alisema msimamizi, ambaye wote walimwita Kipimo kwa sababu hakuamini hata macho yake mpaka aweke pimamaji. "Picha za zamani zinaonyesha tao liko wazi. Ukuta uachwe upumue."

"Uachwe upumue," fundi akaitikia, akashika tindo na nyundo.

Saruji ilikuwa nene kupita kiasi, imesukumwa kwa mikono mitupu, kwa haraka. Alipong'oa kipande cha mwisho aliona alama ya kidole gumba, kipana, kisicho na ncha. Gumba la baba yake lilikatika ncha kabla yeye hajazaliwa. Na baba yake, katika maisha yake yote, hakuwahi kugusa saruji. Aliiita uji wa wavivu.

Alipoelewa anachokitazama, tao lilikuwa tayari wazi. Nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha wala mlango mwingine, ambamo zamani waliloweka chokaa. Ndani, ndoo moja. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Palikuwa na harufu tu, harufu ya chokaa mbichi, kama iliyokorogwa asubuhi ile.

Mwiko ni chombo cha fundi, na mwiko ni jambo lisilofanywa. Nyumbani kwao walikuwa na yote mawili. Kaka alipopotea, mama aliwaambia, "Jina lake lisitajwe humu ndani," na hakueleza. Lilikuwa jina gumu kulikwepa, kwa sababu lilikuwa pia neno la kila siku, neno la hospitalini na kwenye hotuba. Wao walilizunguka kama shimo la njiani. Walisema "tunategemea", "tunaomba", "tutaona". Mwaka jana daktari alipowaeleza kuhusu ugonjwa wa mama wa kusahau, alilitamka mara mbili, akisema halipo, na mara zote mbili mama aliziba masikio.

Tangu hapo mama alikuwa amesahau mengi. Alisahau sufuria motoni. Alisahau kwamba mumewe alikufa, akawa anamwekea chai. Siku nyingine alimwambia binti yake, "Nesi, asante, mwanangu anakuja kunichukua."

Asubuhi baada ya mlio ule, fundi alimkuta mama ameketi kitandani, ameuelekea ukuta. Rangi ya ukuta ilikuwa imelowa, na chumba kilinuka chokaa.

"Ongea taratibu," mama alinong'ona. "Ndiyo kwanza amenyamaza."

"Nani, mama?"

"Mwenzio. Anataka nimwite tu, basi. Eti nikimwita atatoka." Mama alikunja uso. "Nikamwambia subiri kwanza. Kuna kitu nilikatazwa, na sikumbuki ni kipi."

Fundi aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa na joto. Ukanyanyuka kidogo chini ya mkono wake, ukashuka, ukanyanyuka.

Kabla ya adhuhuri alimleta fundi saa. Watu walimpelekea saa zilizokufa, na mambo mengine ambayo hawakuyataja mbele ya foleni. Mzee alivua saa yake mkononi, akatega sikio ukutani kwa muda mrefu, kisha akamvuta fundi hadi uani.

"Baba yako aliniita siku ile," alisema. "Kaka yako aliingia chumba cha chokaa. Baba yako, nje, akasikia mwiko umekung'utwa mara moja. Akachungulia ampe ndoo ya pili. Hamna mtu. Halafu sauti ikatoka mle mle patupu: baba, niite nitoke."

"Alikuwa yeye?"

"Sauti ni nguo, mwanangu. Jini lolote linaweza kuivaa. Jina ndilo ngozi. Lile lilikuwa na nguo tu. Siku likiitwa na mzazi, litakuwa na ngozi pia, na litaingia kama mwenye nyumba."

"Na kama alikuwa yeye?"

Fundi saa alivaa saa yake upya, polepole. "Baba yako aliniuliza hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini."

"Basi lifukuze, mzee wangu."

"Mimi namfukuza aliyeingia bila ruhusa. Huyu hajaingia. Anasubiri, tena kwa adabu. Mzuie mama yako asimwite."

"Nitamzuiaje? Amesahau kila kitu."

"Omba asahau na jina."

Akaomba. Usiku na mchana aliomba mama yake amsahau mwanawe, na kila alipomaliza aliona haya, kama aliyeiba.

Siku ya pili alikwenda kazini na mfuko wa saruji begani.

"Wewe na saruji?" Kipimo alicheka. "Leo samaki ameomba mwavuli." Kisha akaona uso wake. "Dada, ukaguzi ni Jumatatu. Wakiikuta saruji kwenye tao, mimi na wewe tutahesabu nguzo za barabarani."

Alisubiri wenzake waende kula, akaziba tao peke yake, kwa mikono mitupu kama alivyofanya baba yake. Waliporudi, saruji yote ilikuwa sakafuni, mbichi, rundo moja, kama kitu kilichotemwa.

"Fundi, mkono umezeeka," mmoja alitania, na wengine wakacheka.

Kipimo hakucheka. Alikuwa ameegemeza pimamaji ukutani kwa mazoea, na povu dogo ndani ya kioo lilikuwa likienda kushoto, likirudi kulia, likienda kushoto, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Akakiondoa kipimo chake, akakifuta kwa shati, akatoka nje. Siku hiyo hakurudi.

Fundi alimhamishia mama kwa mama mdogo, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba mpya ya matofali. Hazikuisha siku mbili, simu ikalia.

"Mwanangu, njoo umchukue dada yangu," mama mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Nampenda, lakini ukuta wangu unatoa jasho."

Basi akamrudisha. Pa kumpeleka hapakuwepo.

Jumatatu, saa nane mchana, jua kali, wakaguzi wakiwa upande wa pili wanasifia tao, fundi aliacha kazi yake akakimbia nyumbani kwa sababu mkono wake uliokuwa juu ya lipu ulihisi ukuta ukivuta pumzi na kuizuia. Alimkuta mama amesuka nywele, amevaa vizuri, macho yake makavu na angavu kama ya zamani.

"Binti yangu," mama alisema, na alimtaja kwa jina lake la utotoni, ambalo hakulisikia tangu mwaka jana. "Kaa hapa. Nimekumbuka nilichokatazwa."

"Basi usimwite, mama. Nakusihi."

"Siku tatu alilia mle ndani baada ya baba yako kuziba. Nilikuwa hapa hapa, upande huu, nauma shuka nisijibu. Kama ni jini, lina njaa ya miaka ishirini na miwili. Kama ni mwanangu, naye hali kadhalika. Watu wanasema nasahau. Nilikuwa nashindwa kusahau, ndiyo maana nikachoka."

Fundi alimziba mama mdomo kwa kiganja chake kilichochunwa na chokaa, na mama hakupigana, alikishika tu kile kiganja kwa mikono yake miwili na kukipapasa, akisema kwa macho kwamba ni kikavu kama cha baba, na harufu ya chokaa mbichi ikazidi mpaka ikawa uchungu kooni, na rangi ukutani ikaanza kubanduka vipande vipande na kuanguka kitandani bila kutoa sauti, na nyuma yake jiwe likavimba kama shavu la mtu anayetaka kusema, na mlio ukatoka, ule ule, wa mara moja, wa kufunga mjadala, na mama akafumba macho kwa furaha, na fundi akahisi mkono wake unalegea kwa sababu na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa amemkumbuka kaka yake.

Ngo.

Kisha ukuta ukakung'uta tena. Mara mbili, taratibu, kama baba.

Kisha mara tatu, kama anayebisha hodi kwa mkwe.

Fundi akaelewa. Hakuwa kaka mle ndani. Hakuwa mtu yeyote. Kilikuwa kitu kinachojaribisha nguo moja baada ya nyingine, kuona ipi itafunguliwa mlango. Akageuka amwambie mama, lakini mama alikuwa ameshakiondoa kiganja cha binti yake mdomoni, kwa upole, kama anavyoondolewa mtoto aliyelala kifuani, na kwa sauti ile ile aliyowaitia chakula cha mchana walipokuwa wadogo, akauambia ukuta:

"Tumaini."