Karibu na Kwetu

Nyumba ile haikuwa na paa wala mlango, na bado Chiriku alipiga hodi. Ndivyo alivyo, mdomo wake humtangulia. Walikuwa watatu, wamevuka asubuhi kwa boti kwenda kisiwa cha jirani, watembee, wapige picha, warudi kabla ya jua kuzama: Fundi, mwenye duka la kushona nguo, Chiriku, rafiki yake na mshonaji mwenzake, na Kitinda, mdogo wake Fundi, msichana wa miaka kumi na tisa. Mtembezaji wao aliwaonyesha magofu kwa mbali, akasema hapo watu hawaingii, kisha akajitafutia kivuli.

"Hodi wenyewe," alisema Chiriku kwa mzaha.

"Karibuni," ikajibu sauti ya mwanamke, imekwaruza kama ya mtu aliyetoka kulala.

Walidhani ni mlinzi. Wakaingia, wakakuta mawe, majani, na harufu ya nguo mbichi zilizokunjwa bila kuanikwa. Mtu hakuwapo. Mwenye akili zake angetoka mbio, hawa walicheka. Wakati wa kutoka Chiriku aligeuka akaaga kama alivyofunzwa kwao.

"Haya, tunashukuru. Karibu na kwetu."

"Kwenu wapi?" iliuliza sauti.

Hapo Fundi, mwanamke mzito wa maneno siku zote, akajitia uchangamfu asio nao. Akidhani anamtania mlinzi aliyejificha, alielekeza vizuri kabisa: nyuma ya kituo cha mafuta, duka la tatu, mlango wa bluu. Mimi namlaumu hapo. Chiriku alikaribisha tu, lakini yeye ndiye aliyetoa njia.

Na lile lilikuwa duka la adabu. Fundi alimlea Kitinda tangu mama yao alipofariki, mtoto akiwa na miaka sita, kwa kofi na kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yalikuwa mengi zaidi. Hakuolewa kwa ajili yake. Makosa mengi aliyasamehe, ila si la kumwacha mgeni au mteja aondoke bila kuambiwa karibu tena.

Siku ya tatu baada ya safari, saa sita mchana, jua linawaka, hodi ikapigwa kwenye mlango wa bluu. Chiriku, kichwa kimeinamia cherehani, akaitika karibu. Hakuingia mtu. Iliingia ile harufu.

Fundi aliinua uso kutoka kwenye pasi. Cherehani ya Chiriku ilikuwa inakimbia, akafikiri mwenzake ana haraka, kisha akaona miguu ya Chiriku imejikunja juu, haigusi kanyagio, na sindano inapanda na kushuka kwenye kidole cha shahada, ikahamia cha kati, ikapanda mgongo wa kiganja, inaushona mkono kwenye gauni jeupe la bibi harusi, nalo gauni linakunywa damu, na Chiriku, ambaye hajawahi kukosa la kusema, amefungua mdomo na sauti haitoki.

Fundi aliurukia mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Haukuwa mezani. Alikuwa nao Kitinda, amesimama nyuma yake.

"Nimefika zamani, na kiti hamjanipa," alisema Kitinda, kwa sauti iliyokwaruza.

Akamchoma dada yake begani. Akauchomoa mkasi, akachoma tena chini ya mtulinga, akamburuta kwa nywele akampigiza uso kwenye kioo cha kujaribia nguo, mpaka kioo kikamwagika chote. Pasi ya moto ilikuwa karibu na mkono wa Fundi. Aliishika, akaitazama sura ya yule mtoto, akaiachia sakafuni. Hakuweza. Ndipo Kitinda alipoufungua mkasi na kuiweka shingo yake mwenyewe katikati ya makali.

"Nikifukuzwa," ilisema sauti, "naondoka na huyu."

Chiriku aliunyofoa mkono wake kwenye sindano, gauni likimfuata, akatoka mbio hadi duka la pili kwa mjomba wake, fundi saa ambaye kando ya kazi hiyo hutoa watu majini. Mzee alikuja na lenzi yake bado ipo jichoni. Alisimama mlangoni, akanusa, akauliza kwa kunong'ona nani aliyekaribisha na nani aliyeelekeza. Chiriku akamwambia. Kisha akamwinamia Fundi.

"Mmemwita wenyewe, siwezi kumfukuza. Aliyemwelekeza amsindikize. Muage kwa heshima, umtoe nje. Lakini, mwanangu, usimwambie karibu tena."

Fundi alijikokota akasimama, damu inamchuruzika hadi kiunoni.

"Mgeni wetu," alisema, "tumekuchosha. Safari yako ni ndefu. Inuka nikusindikize."

Akamshika Kitinda mkono, mkono ukiwa baridi na mbichi, wakaanza kutembea, hatua moja na mkasi unachanja ngozi ya shingo, hatua nyingine juu ya vioo, Fundi akihesabu moyoni vigae vya sakafu vilivyobaki, akiomba kwa maneno aliyoyasahau tangu utotoni, Chiriku amejijaza pindo la gauni mdomoni ulimi usije ukamponyoka, mpaka wakafika kizingitini, na hapo mkasi ukaanguka, Kitinda akalegea, na kwenye saruji ya nje zikajichora nyayo za maji, moja, nyingine, hazina mwenyewe.

"Basi mimi nakwenda," ilisema sauti, sasa ikiwa nje.

"Nenda salama," alisema Fundi, akauma ulimi.

Mzee aliusukuma mlango taratibu. Fundi alikaa chini na kichwa cha mdogo wake mapajani, akalia kwa furaha bila kujizuia, kwa sababu vidole vya mtoto vilikuwa vimeanza kupata joto. Macho ya Kitinda yalikuwa bado yamefumbwa. Midomo yake ikachezacheza, mtoto aliyelelewa vizuri.

"Karibu tena," alinong'ona.

Nje, nyayo zilisimama.

"Asante, mwanangu," sauti ikajibu. "Nimeshakaribia."